Zizi la Kusubiri

Kach.

Sauti ndogo tu, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa na mtu anayepita zake. Aliisikia ndani ya bega lake mwenyewe, mkono ukiwa umezama hadi kwapani ndani ya ng'ombe aliyekuwa akizaa, na mwanzoni alidhani ni mfupa wa ndama. Ndama alikuwa amegeuza kichwa nyuma, amekilaza ubavuni kama mtoto anayekataa kuamka, na vidole vya mama yule, bibi mifugo wa miaka mingi, vilikuwa ndiyo kwanza vimeipata taya. Alijua la kufanya. Unaishika taya, unasubiri ng'ombe amalize kusukuma, kisha unakileta kichwa polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa aliyelala. Lakini vidole vilikataa kufumba. Alivituma, havikwenda.

Ndama alifia humohumo. Mama yake alipona kwa taabu, baada ya bibi mifugo mwenzake, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, kufika na pikipiki na kuutia mkono wake mwenyewe. Mwenye ng'ombe hakulalamika. Alileta maji na sabuni, akamshikia ndoo wakati ananawa, akasema, "Pole, Mama Mkono. Umejitahidi." Hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Jina la Mama Mkono alipewa na wafugaji, na lilikwisha kulimeza jina alilopewa na wazazi wake, hata majirani wakalisahau. Mkono wake wa kulia ulikuwa mrefu na mwembamba, wenye kiganja kidogo kama cha msichana, na wafugaji waliamini uliumbwa makusudi kwa kazi ile. Walikuwa na utani wao: ukikutana na Mama Mkono njiani msalimie kwa mdomo, usimpe mkono, hujui wake umetoka wapi. Naye alikuwa akicheka na kuunyoosha hivyohivyo, na waliomtania ndio waliokuwa wa kwanza kuushika.

Hospitali, daktari wa watu alimgusa bega mbele na nyuma, akalitazama kwenye picha, akauliza, "Unafanya kazi gani, mama? Unabeba mizigo?"

"Nazalisha ng'ombe."

Daktari alicheka. Alipoona mgonjwa hacheki, akakohoa kidogo na kurudi kwenye picha. Kano moja ilikuwa imekatika, akasema, na zilizobaki zimechakaa kama kamba ya kisima. Dawa ingetuliza maumivu, mazoezi yangerudisha nguvu kiasi, lakini ng'ombe basi. "Ukivuta ndama mwingine, mama, hata kikombe cha chai utakuwa unanyweshwa."

Hakuwa akihofia kunyweshwa chai. Alihofia kitu kingine, ambacho hakumwambia daktari: kwamba siku moja angeitwa, angekwenda kwa sababu ameitwa, na vidole vingekataa tena, na safari hii pasingekuwa na binti wa pikipiki karibu. Mtu akienda kuokoa akiwa na mkono usiookoa, ni afadhali asiende, apishe mwingine.

Mkuu wa ofisi ya mifugo hakumzungusha. Alimketisha, akamwambia mashambani harudi. Kulikuwa na nafasi machinjioni, ya ukaguzi wa nyama. Kulikuwa na nafasi maabara. Na kama alitaka kuondoka serikalini, yule daktari wa mbwa na paka mjini, aliyewahi kujifunza kazi chini yake, alikwisha kuuliza habari zake, na mkuu hakuwa na kinyongo. "Kazunguke kote, uone kwa macho yako. Lakini mwisho wa mwezi napeleka majina, mama. Usinikalie kimya."

"Na nisipochagua?"

"Nitakuchagulia mimi. Na mimi, unanijua, nachagua vibaya."

*

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Kazi yake aliifanyia chumba cha mbele, dirisha wazi, vipande vya kitambaa vimezagaa sakafuni, na futi ya kupimia shingoni mchana kutwa hata wakati wa kula. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, nyumba ikabaki na sauti ya cherehani na ya redio, na mara kwa mara sauti ya mama yule akimwambia redio ipunguzwe.

"Baba Watoto," alimwambia jioni ile, "nimekuwa nguo kuukuu. Wananitafutia pa kunishonea kiraka."

"Lete basi nikuone," alisema fundi bila kuinua macho. "Mimi kitambaa kizuri sikitupi. Nakata penye afya, natoa hata mfuko."

"Sasa mimi nimekuwa mfuko?"

"Mfuko ni kitu kikubwa, mama watoto. Nguo isiyo na mfuko, mtu mikono anaiweka wapi?"

Alicheka pasipo kutaka, na kicheko kikamvuta bega, akalishika.

Alianza na kliniki ya mjini. Ilikuwa na mlango wa kioo, sakafu inayong'aa, na ubaridi wa mashine uliomfanya ajikunyate. Daktari, kijana ambaye Mama Mkono ndiye aliyemfundisha kushika kamba, alimpokea kwa mikono miwili na kumwita mama mbele ya wateja wote. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Alimwonyesha meza ya upasuaji, taa, mashine ya kusikiliza moyo, akamvisha koti la kijani.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa paka mnene wa rangi ya majivu, aliyezibika mkojo. Mwenye paka, mama mmoja aliyevaa vizuri, alikuwa analia kabisa, machozi ya kweli. Mama Mkono alimkamata paka kwa namna anayoijua, mkono mmoja shingoni, mwingine kwenye paja, na kumbana mezani. Paka akapiga yowe lililosikika hadi barabarani na kumchora mstari mwekundu toka kiwiko hadi kidole.

"Mama, huyo si mbuzi," daktari alimnong'oneza, akijitahidi asicheke.

"Nimeona. Mbuzi angekuwa na adabu."

Paka alipona. Daktari alifanya kazi nzuri, vidole vyepesi, hakuna alichokipapasa mara mbili. Mama mwenye paka akamkumbatia Mama Mkono na kumlowesha koti. Mchana ukaendelea hivyo: mbwa mwenye sikio linalonuka, sungura asiyekula, mbwa mwingine asiye na ugonjwa wowote ila mwenye mbwa ndiye anayehangaika. Daktari alimweleza kwamba wanyama si tatizo, wanyama atawatibu yeye. Alichohitaji ni mtu mzima wa kukaa na wenye wanyama, kuwatuliza, kuwaeleza dawa, kuwasikiliza. "Wewe watu wanakuamini, mama. Ni kuwatabasamia tu."

Basi akatabasamu hadi jioni. Mfugaji wa ng'ombe hakuhitaji kutabasamiwa. Alisimama pembeni na fimbo yake, anatafuna jani, mkono ukiingia anatazama pembeni, mkono ukitoka na ndama anasema "ahaa," na mambo yamekwisha. Hapa kila jambo lilitaka maneno, na kila neno lilitaka sukari. Alipofika nyumbani, fundi alimuuliza bega linaendeleaje.

"Bega halijambo. Mashavu ndiyo yanauma."

Maabara hakukaa hata nusu siku. Hapakuwa na ubaya wowote. Palikuwa safi, pakimya, na mtaalamu wa pale alikuwa mtu wa taratibu anayependa kazi yake. Alimweka mbele ya hadubini, akamwonyesha tone la damu ya ndama, na ndani yake wale wadudu wa ndigana wamejipachika kwenye chembechembe kama nukta za kalamu. Mama Mkono aliwatazama kwa muda mrefu. Miaka yote aliujua ugonjwa ule kwa tezi zilizovimba chini ya sikio, kwa pumzi, kwa macho yanayotoa machozi, lakini wenyewe wanaosababisha hakuwahi kukutana nao uso kwa uso. Akauliza, "Huyu ndama yuko wapi sasa?" Mtaalamu akafikiri kidogo. "Sampuli ilitoka mbali, mama. Majibu yanapofika, mara nyingi huwa ameshakufa, au ameshapona." Akashukuru, akanawa mikono, akaondoka. Hakutaka kufanya kazi ambayo mnyama haonekani.

*

Machinjioni alipelekwa na shemeji yake, mdogo wa fundi. Huyu alikuwa na bucha, na kwa vile tangu ujana alikuwa hali sehemu nyingine ya ng'ombe pakiwapo nundu, watu wote walimwita Nundu, na kadiri miaka ilivyokwenda shingo yake nayo ikafanana na jina. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba mkaguzi mmoja anahamishwa.

"Shemeji, kazi ya kifalme hiyo," alimwambia njiani, alfajiri, bado hakujapambazuka vizuri. "Unasimama, unatazama, unapiga muhuri. Saa nne umemaliza. Mkono wako unapumzika kama mama mkwe aliyekuja kutembea."

"Na harufu?"

"Harufu ya nini? Mimi sisikii harufu yoyote."

"Ndiyo maana mkeo anakulaza kwenye kochi."

Nundu alicheka hadi akasimama.

Mkaguzi mkuu alikuwa mzee mkavu, mrefu, mwenye mabuti ya mpira na aproni nyeupe iliyokwisha kuwa na rangi nyingine. Walimwita Mzee Muhuri. Kisu chake kilikuwa kimenolewa mara nyingi mno hata ubapa wake ukabaki mwembamba kama jani. Hakupoteza maneno. Alimwonyesha ukumbi, ambamo ng'ombe walioning'inizwa walikuwa wanapita mbele yake mmoja mmoja: anapasua tezi, anapapasa mapafu, anachana ini, na muhuri wa buluu unalia pa! juu ya paja. Kisha akamtoa nje, nyuma ya ukuta, kwenye zizi la kusubiri. Hapa ng'ombe walilazwa usiku mmoja na maji tu, na asubuhi kabla ya kuchinjwa mkaguzi alipaswa kuwapitia wakiwa hai. Mwenye homa hazuiwi hivihivi, atapimwa. Anayechechemea atatazamwa. Anayetoka mate au damu, geti halifunguliwi. Geti lenyewe lilikuwa na mtu wake, kijeba mmoja mwenye mdomo, aliyeitwa Kufuli.

"Huku hakuna anayependa," alisema Mzee Muhuri. "Wote wanataka ukumbini, kwenye visu, ndiko wanakoonekana wataalamu. Zizini wanapita wakihesabu mikia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huku anakutazama."

Akaanza kazi ya majaribio. Siku ya kwanza alilipitisha dume moja zuri, manyoya yanang'aa, mgongo mnene. Baadaye Mzee Muhuri alimwita ukumbini, akamwonyesha pafu la dume lile. Alilipasua, na ndani ya tezi mlikuwa na kitu kama maziwa yaliyoganda yakachanganyika na mchanga. Kifua kikuu. Dume zima likatupwa shimoni, nundu na yote, na mwenye dume akaondoka bila kuaga.

"Alikohoa kule zizini?" Mzee Muhuri aliuliza.

"Hapana." Mama Mkono alifumba macho akamrudisha dume mbele yake. "Alisimama ameachanisha viwiko. Shingo ameinyoosha. Wenzake walilala, yeye hakulala."

"Basi ulimwona." Mzee alifuta kisu kwenye aproni. "Hukujua tu kuwa umemwona. Kuna nyumba leo mtoto angekula hii haijaiva vizuri, akaugua. Nenda kaendelee."

Alikwenda akaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu ile sauti ya bega alijisikia kwamba bado ana kitu mwilini kinachofaa. Lakini alichoka. Alichoka uchovu asioujua. Kule mashambani alichoka mgongo na miguu, akila akilala amekwisha kupona. Huku alichoka mahali ambapo usingizi haufiki. Kila asubuhi alikutana na wanyama wapya, akapitisha kiganja juu ya migongo yao, akawajua, na kufikia chai ya saa nne hayupo hata mmoja.

Ndipo akaja yule jike wa Nundu.

Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni, mama wa ndama wengi, amenunuliwa kutoka kwa mtu aliyechoka kumlisha. Alikuwa amesimama pembeni mwa zizi, mguu mmoja wa nyuma ameuweka mbali na mwenzake, ndivyo wanavyosimama wakiwa hawataki kiwele kiguswe. Mama Mkono alichuchumaa. Robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba, ngumu kama jiwe, ya moto. Alikamua chuchu kidogo kwa mkono wa kushoto. Yakatoka maji ya manjano yenye mabonge. Kipimajoto kikasema homa ipo, si kali. Na ng'ombe alikuwa ametulia, amemgeuzia kichwa, anamnusa kofia.

Mkoba wake alikuwa nao. Hakuna aliyemwambia aulete. Ulikuwa begani mwake kwa sababu begani mwake ndipo mahali pake. Akaufungua. Akavuta dawa kwenye bomba, penisilini, akakadiria uzito wa ng'ombe kwa jicho, akaipiga shingo ngumi ndogo, na katika pigo hilohilo sindano ikaingia. Akasukuma polepole. Akachomoa, akasugua pale kwa kidole gumba. "Haya, mama," akasema. "Kesho utakuwa umepata nafuu."

Neno kesho ndilo lililomwamsha.

Akainua macho. Kufuli alikuwa ameshika komeo la geti, mdomo wazi, na kwa mtu wa mdomo wake hilo lilikuwa jambo la kuogofya.

"Mama," alisema Kufuli, "huyo ni wa tatu kwenye foleni."

Mama Mkono alilitazama bomba tupu mkononi. Dawa ikiingia mwilini haitoki kwa kuombwa. Nyama ya ng'ombe aliyedungwa haiuzwi hadi wiki zipite na dawa iishe. Hilo alikuwa amewafundisha wafugaji mpaka sauti ikamkauka, amewagombeza, ametishia kuwashtaki. Bibi mifugo yeyote angeamshwa usingizini angelisema. Na bibi mifugo tu ndiye angeweza kufanya kosa hili, kumtibu mnyama aliyesimama mlangoni mwa kisu, kwa sababu mkono ulikuwa umemwona mgonjwa kabla akili haijaona ukuta.

Akaichukua chaki ya rangi, akamchora ng'ombe msalaba mkubwa mgongoni. Kisha akaenda mwenyewe kumwita Mzee Muhuri.

Habari ilifika ukumbini kabla yake. Wachinjaji walitoka na visu vyao kutazama. "Daktari anamtibu marehemu!" mmoja alipaza sauti. Mwingine akajibu kwamba ni heshima, ng'ombe afe akiwa mzima. Nundu alikuja mbio, shingo ikimtangulia.

"Shemeji, nimeambiwa umemdunga ng'ombe wangu."

"Nimemdunga."

"Sindano ya nini?"

"Kiwele chake kinawaka moto."

"Shemeji!" Nundu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kiwele cha ng'ombe anayekwenda kuchinjwa! Kingekatwa kikatupwa, yakaisha! Wateja wako barazani saa hizi, niwakatie paja langu?"

"Lina mafuta mno," alisema Kufuli.

"Wewe funga geti na mdomo pamoja!" Kisha Nundu akageuka, akasogea karibu na kushusha sauti. Mzee Muhuri alikuwa bado anavuka ua, anakuja kwa hatua zake ndefu zisizo na haraka. "Shemeji, sikiliza. Ni sisi tu hapa. Futa hiyo chaki. Mchomo mmoja ndani ya ng'ombe mzima, nani ataujua? Kufuli hakuona kitu. Umeona kitu, Kufuli?"

"Mimi natazama geti, bosi."

"Unaona? Kwa hiyo nani ameona?"

"Mimi," alisema Mama Mkono.

Nundu alimtazama. Alimjua shemeji yake tangu alipoletwa nyumbani kwao bibi arusi, na alijua pale anapofika hasogei tena. Mzee Muhuri alipofika aliusoma msalaba, akalitazama bomba, akasikiliza, akasema maneno machache tu: nyama hii haiingii sokoni, ng'ombe atoke. Nundu akatafuta kamba, akamfunga jike lake shingoni, akamvuta kuelekea barabarani huku wachinjaji wakimpigia makofi. "Nitamlaza wapi mimi?" alikuwa akilalamika, na haikujulikana analalamikia watu au ng'ombe. "Kochi lenyewe ni la mtu mmoja."

Watu walicheka. Mama Mkono hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta.

Mzee Muhuri alimpeleka kwenye bomba la maji, akafungua, akamwacha anawe. Yeye mwenyewe alianza kunoa kisu.

"Umefanya vizuri kusema," alisema hatimaye. "Ila kusema ni baada ya kosa. Mimi nataka mtu asiyefanya. Huku hatuponyi, dada yangu. Ng'ombe akishaingia lile zizi, mgonjwa wako si yeye tena. Mgonjwa wako ni mtu aliyekaa nyumbani kwake anasubiri chakula, na hakujui, na hatakushukuru." Akajaribu makali kwa kidole. "Macho yako nayataka. Mkoba wako siutaki. Kesho njoo bila mkoba, au usije. Sitakulaumu kwa lolote."

*

Nyumbani fundi alikuwa amekwisha kupata habari zote kutoka kwa mdogo wake, pamoja na nyongeza. Jike jeusi lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba ya Nundu, mke wake amelikatia majani, na watoto tayari wamekataa lisiguswe.

"Umemharibia mdogo wangu biashara, umempa mifugo," alisema. "Hajui akushukuru au akushitaki."

Mama Mkono aliuweka mkoba juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki, akakaa. Hakuvua hata viatu. Fundi alimtazama, akaizima redio bila kuambiwa. Kwenye cherehani alikuwa na koti jeupe, lile alilopewa machinjioni. Alikuwa ameufumua mshono wa kwapa la kulia na kutia kipande cha pembe tatu, ili alivae bila kuinua mkono.

"Nimetia tu," alisema. "Usipolitaka nitafumua."

"Kama nikienda kwa yule kijana wa paka?"

"Nitakushonea la kijani."

"Baba Watoto, nimechoka."

"Naona."

"Kwa paka nitawachekea watu wasiochekesha hadi nistaafu. Machinjioni nitawatazama wale wanyama, naona huyu anatibika, huyu anatibika, na nakaa kimya. Ipi afadhali?"

Fundi alilikunja koti taratibu, mkono juu ya mkono. "Mimi ningejua, ningekuambia," alisema.

Simu ikalia. Alikuwa mfugaji wa upande wa mtoni, mtu wa miaka mingi. Sauti yake ilikuwa inahema. Mtamba wake anasukuma tangu mchana, mguu mmoja umetoka, wa pili hauonekani. Mama Mkono alikuwa amesimama kabla hajajua kuwa amesimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaufikia mkanda wa mkoba. Wa kulia alijaribu kuuinua, ukafika kifuani, ukagoma pale.

Fundi aliona.

"Mpigie binti," Mama Mkono alisema kwenye simu. "Namba yake unayo? Mpigie sasa hivi, mwambie ni mguu umekunjwa, asiuvute ule uliotoka kabla ya kuupata mwingine. Ana pikipiki, atafika."

"Lakini sisi tumekuzoea wewe, Mama Mkono."

"Mtamzoea na yeye."

"Njoo basi usimame tu, umwelekeze."

Akatamani. Mungu shahidi, alitamani hadi mate yakamjaa mdomoni. Kisha akafikiria yule binti, mkono ndani, na nyuma yake mtu mzima amesimama, na macho ya wafugaji wote yamemtazama huyo wa nyuma.

"Nikija mimi, hamtamwamini kamwe," alisema. "Mpigie." Akakata. Akakaa tena kwenye kiti kilekile, simu mapajani, mpaka ilipolia mara ya pili, na binti mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyelowa, akasema ndama ni jike na wote wazima.

"Vizuri," alimjibu. "Vizuri sana, mwanangu." Akampa fundi simu.

Asubuhi alivaa koti jeupe. Lilimkaa. Mkoba aliuacha juu ya meza ya kukatia, na njiani bega lilijiona jepesi kwa namna isiyopendeza, kama mtu aliyetoka nje bila viatu. Mzee Muhuri alikuwa mlangoni. Aliutazama ubavu wake mtupu, akaitikia kwa kichwa, akaingia ukumbini.

Zizini ng'ombe walikuwa wachache. Aliwapitia, kiganja juu ya mgongo, macho puani, kwato, kiwele, pumzi. Kufuli alisubiri getini. Leo hata yeye hakutania. Mmoja alimpata kifua hakimkai sawa, akamweka kando ili Mzee aje kumtazama. Wengine walikuwa safi.

Wa mwisho alikuwa mtamba wa kahawia, mdogo, hajazaa bado. Aliunyanyua mguu wa mbele alipomkaribia. Mama Mkono aliinama akaushika kwa mkono wa kushoto. Kati ya kwato palikuwa na jeraha dogo, pengine mwiba, limeanza kutoa usaha. Aliyajua matibabu yake kama anavyojua njia ya kwao: kuosha, kutia dawa, siku chache mahali pakavu, na angekimbia. Alipima homa, haikuwapo. Alitazama macho, yalikuwa angavu. Akabonyeza tezi za bega, zilikuwa za kawaida. Hapakuwa na kitu chochote kwa mnyama huyu ambacho kingemdhuru mtu.

Mtamba aliushusha mguu, akanyoosha shingo, akamnusa koti palipotiwa kile kipande kipya.

Mama Mkono alisimama naye. Mkono wake wa kulia uliteremka wenyewe hadi ubavuni, pale mkoba ulipokuwa ukining'inia, ukakuta kitambaa. Nyuma yake Kufuli alikohoa, akaligusa komeo, akasubiri.

"Vipi, mama?" aliuliza.

Alikipitisha kiganja mara moja juu ya uti wa mgongo wa mtamba, toka shingoni hadi mkiani, bila haraka. Kisha akasogea pembeni, akamwachia njia ya kwenda getini.

"Huyu apite," alisema, kwa sauti ndogo hata Kufuli ikambidi amtazame midomo.